Jino la Pembe na Dawa ya Pengo

Wahenga wa pwani walisema, "Jino la pembe si dawa ya pengo." Methali hii umeisikia mara nyingi, msomaji, na bila shaka umefundishwa maana yake ya ndani: kwamba cha bandia hakishiki mahali pa cha asili, na kwamba aliyepotewa na mwana au sahibu hatibiwi kwa kupewa mfano wake. Maana hiyo ni njema. Lakini leo nakuomba uiweke kando kitambo kidogo, uitazame methali kama ilivyotamkwa, neno kwa neno. Kwa nini wahenga walitaja jino la pembe? Na ikiwa kweli halikuwa dawa ya pengo, binadamu alipata dawa gani baadaye? Kujibu maswali haya ni kusimulia historia ndefu, iliyoanza karibu nasi, ikazunguka dunia, kisha ikarejea hata ukingo wa Mto Tana, mjini Garissa, ambako bado haijakwisha.

Tuanze sokoni. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa ya mifugo katika Kenya, na kila alitembeleaye hukuta humo desturi ya kale. Mnunuzi hatosheki kutazama nundu na miguu ya ngamia, humfungua kinywa. Katika meno husoma umri wa mnyama kama wewe usomavyo tarehe juu ya barua, na katika meno hukata shauri la bei. Haoni haya kufanya hivyo, maana anajua kuwa ngamia asiyeweza kutafuna majani makavu ya nyika hupoteza kwanza nundu, kisha maziwa, kisha uhai, hata kama malisho yamejaa mbele yake. Ndovu naye yu chini ya sheria iyo hiyo. Magego yake hutoka kwa zamu sita katika maisha yake. Zamu ya sita ikichakaa, yapata umri wa miaka 60, ndovu hufa kwa njaa katikati ya mwitu wa kijani. Na zile tuziitazo pembe zake, kwa hakika si pembe. Ni meno ya mbele ya taya la juu yaliyokua yakapita midomo. Basi zingatia jambo hili la ajabu: mnyama ambaye jino lake lilichongwa ili mtu apate jino, mwenyewe hufa kwa kukosa meno.

Wahenga wetu waliijua pembe kwa sababu waliiuza. Msafiri Mwarabu al-Masudi, aliyefika pwani ya Afrika ya Mashariki mara ya mwisho mwaka 916, aliandika kuwa pembe za nchi ya Zanji zilipelekwa Omani, na kutoka Omani zikaenda Bara Hindi na Uchina. Biashara hiyo ilidumu karne nyingi. Katika karne ya 19 majahazi na merikebu zilizotia nanga Unguja zilipakia pembe za ndovu, na pamoja nazo meno ya kiboko. Kiboko unamjua, msomaji wa Garissa. Usiku hutoka katika Tana akala mimea ya mashamba ya ukingoni, na wakulima hawamkumbuki kwa wema. Lakini jino lake lilikuwa na sifa iliyotafutwa mbali sana. Ni gumu kuliko pembe ya ndovu, na weupe wake haugeuki upesi kuwa manjano. Kwa ajili hiyo mafundi wa Ulaya walilichagua kwa kazi moja mahususi: kuchonga meno ya watu.

Kabla ya kufika Ulaya, hapana budi tumtaje tabibu mmoja wa Kiislamu. Katika mji wa Kordoba, nchi ya Andalusi, aliishi al-Zahrawi, aliyefariki mwaka 1013 hivi. Katika kitabu chake kikubwa cha utabibu alieleza jinsi ya kuyafunga kwa uzi wa dhahabu meno yaliyolegea, na jinsi ya kuchonga mfupa wa ng'ombe ukawekwa badala ya jino lililong'oka. Hiyo ilikuwa hekima kubwa kwa zama zake. Lakini angalia ilivyofanya kazi: jino bandia lilifungwa kwenye majirani zake. Lilihitaji meno mazima ya kuegemea. Kwa mtu aliyepoteza meno yote uzi wa dhahabu haukuwa na pa kushika.

Taabu hiyo ya kukosa pa kushika ndiyo kiini cha historia yetu yote, na hapana aliyeionyesha wazi zaidi kuliko George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Siku alipokula kiapo, tarehe 30 Aprili mwaka 1789, alikuwa na jino moja tu kinywani. Watu wengi wamesimuliwa kuwa meno yake ya bandia yalikuwa ya mti, si kweli. Daktari wake John Greenwood alimchongea kitako cha jino la kiboko, akakitia meno ya binadamu, akaunganisha cha juu na cha chini kwa springi ili visianguke. Rais alipofunga kinywa alishindana na springi. Alipokifungua, springi zilimshinda. Maumivu hayakumwacha, na waliomchora waliona midomo yake ikivimba. Hata hivyo, msomaji, usimhurumie yeye peke yake. Katika daftari la hesabu la shamba lake la mwaka 1784 mna malipo ya shilingi 122 kwa watu weusi, thamani ya meno 9. Daftari halisemi meno hayo yaliingia kinywani mwa nani. Linasema tu yalitoka kwa nani. Hivyo jino la mnyama wa Afrika na meno ya wana wa Afrika yote yalikuwa bidhaa katika soko moja.

Nalo jino la pembe, je, lilitibu pengo? Wahenga walisema kweli. Jino la mnyama lililokatwa halina uhai wa kujilinda. Hunywa mate na harufu, huoza, hunuka. Nchini Ufaransa, yapata mwaka 1774, muuza dawa mmoja aliyeitwa Duchâteau alichoshwa na meno yake ya kiboko, kwa kuwa yalishika harufu ya dawa zote alizozionja. Akawaza: vyombo vya kauri katika duka langu havishiki harufu, kwa nini meno yasifinyangwe kwa kauri? Kutokana na kinyaa cha mtu huyo yalizaliwa meno ya kauri, ambayo mganga wa meno Dubois de Chémant aliyaendeleza na kuyaeneza. Wengine waliendelea kutaka meno ya watu. Baada ya vita vya Waterloo, mwezi wa Juni mwaka 1815, meno ya askari waliokufa yaling'olewa na kuuzwa, hata kwa miaka mingi watu wa Uingereza wakayaita meno ya Waterloo. Tajiri alitafuna kwa meno ya kijana aliyekufa.

Meno ya bandia yaliwafikia watu wa kawaida katikati ya karne ya 19. Mmarekani Charles Goodyear alikuwa amegundua mwaka 1839 kuwa mpira ukipikwa pamoja na salfa huimarika, na baada yake ukapatikana mpira mgumu ulioweza kufinyangwa sawasawa na ufizi wa mtu. Kitako kilikuwa rahisi, nacho kilikaa vizuri kuliko pembe. Katika miaka ya 1930 ulikuja utomvu wa akriliki, wenye rangi kama ya ufizi, nao ndio utumikao hata leo katika meno mengi ya kuvaa na kuvua. Tusiyadharau meno hayo. Yamewarudishia mamilioni ya wazee usemi na heshima ya uso, na hutengenezwa kwa gharama ambayo watu wengi huweza kuimudu. Lakini yana kasoro moja ambayo ufundi wa kuchonga hauwezi kuiondoa, na kasoro hiyo haimo katika meno yenyewe, bali katika mfupa.

Sikiliza kwa makini, kwa maana hapa ndipo fundo la habari. Mfupa wa taya huishi kwa kazi. Kila utafunapo, mzizi wa jino huusukuma mfupa, na mfupa ukisukumwa hujijenga. Jino likitoka pamoja na mzizi wake, mfupa ule hukosa kazi, nao huanza kuliwa polepole na mwili wenyewe, kama boma lililohamwa na wenyewe likaachwa kwa mchwa. Meno ya kuvaa hukaa juu ya ufizi, hayana mzizi, hayawezi kuupa mfupa kazi yake. Mwaka hadi mwaka taya hupungua, na meno yaliyotengenezwa sawasawa jana hulegea leo. Taya la chini huumia zaidi, maana ulimi haulali, na kila unapotikisika hulisukuma jino la bandia. Nguvu ya kuuma ya mtu aliyevaa meno kamili ya bandia huwa kama robo ya nguvu ya mwenye meno yake, pengine chini ya hapo. Nyama ya ngamia, ambayo ni fahari ya karamu za Garissa, humpita mezani. Yeye hupewa mchuzi.

Dawa ya kasoro hii haikutafutwa na mtu aliyekuwa akifikiri habari za meno. Mwaka 1952, katika mji wa Lund nchini Uswidi, tabibu kijana Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jinsi damu ipitavyo ndani ya mfupa. Alipachika katika mguu wa sungura kidude cha madini ya titani, chenye kioo cha kuchungulia. Utafiti ulipokwisha alitaka kukitoa kidude chake, maana kilikuwa cha thamani. Hakikutoka. Mfupa ulikuwa umekishika, si kwa kukizunguka tu, bali kwa kukua ukagusana nacho bila utando wowote katikati, kana kwamba mwili umekikubali kuwa ni wake. Mtu mwingine angalikasirika kwa hasara ya chombo. Brånemark alijiuliza: ikiwa mfupa huishika titani hivi, je, hatuwezi kumpa asiye na meno mzizi mpya?

Miaka kumi na zaidi ilipita katika majaribio. Mwaka 1965, mjini Göteborg, mtu wa kwanza alijitolea. Aliitwa Gösta Larsson. Taya lake lilikuwa na hitilafu tangu kuzaliwa, na hakuwa na meno ya chini. Brånemark alimtia parafujo nne za titani katika mfupa wa taya, akangoja miezi ili mfupa uzishike, kisha akafunga juu yake safu ya meno isiyovuliwa. Larsson alitafuna kwa mizizi hiyo muda uliozidi miaka 40, hata alipofariki mwaka 2006. Usidhani kuwa wenzake Brånemark walimshangilia. Wataalamu wengi wa nchi yake walimdhihaki, kwa kuwa walikuwa wamefundishwa kuwa mwili hautakubali kamwe chuma kipenye ufizi. Yeye hakubishana nao kwa maneno, bali aliandika hesabu. Mwaka 1981 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya miaka 15: katika wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka mitano hadi tisa, kwa kila vipandikizi 100 vya taya la chini 91 vilikuwa vimesimama imara, na vya taya la juu 81. Mwaka 1982 matokeo hayo yalijadiliwa katika mkutano wa wataalamu mjini Toronto, nchini Kanada, na tangu siku hiyo dunia ikakubali.

Lilibaki swali la wale ambao mfupa wao ulikuwa umekwisha kuliwa. Nyuma ya taya la chini hupita mshipa wa hisia, na juu ya taya la juu mna uwazi wa hewa. Mfupa ukiwa haba, parafujo iliyosimama wima haina pa kuingia. Mreno Paulo Maló, wa Lisbon, alitoa jibu ambalo seremala yeyote angelielewa. Aliacha parafujo mbili za mbele zisimame wima, akazilaza kwa mshazari zile mbili za nyuma, zikakwepa mshipa na uwazi, zikashika mfupa mnene wa mbele. Alianza mwaka 1998, na mwaka 2003 akachapisha matokeo yake. Kwa vipandikizi vinne tu safu nzima ya meno ilisimama, na mara nyingi mgonjwa aliondoka na meno ya muda siku ile ile. Hivyo kile ambacho uzi wa dhahabu wa al-Zahrawi haukuweza kukifanya kwa asiye na jino hata moja, kikawezekana.

Sasa turudi nyumbani. Usije ukadhani kuwa watu wa Kaskazini Mashariki walikuwa wakingoja habari kutoka Uswidi ili wajue thamani ya kinywa. Katika nyika ya Garissa, Wajir na Mandera huota mti wa mswaki, na vijiti vyake vimesafisha meno ya wafugaji tangu zama zisizohesabika. Uislamu ulikuja ukaitukuza desturi hiyo, na usafi wa kinywa ukawa jirani wa sala. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani nalo lilihimiza matumizi ya mswaki wa mti mahali ulipo desturi. Mchungaji aliyeishi kwa maziwa ya ngamia na nyama, asiyeonja sukari ila kwa nadra, na mwenye mswaki mkononi kutwa nzima, hakuhitaji kumjua Brånemark.

Lakini desturi zote si njema, na historia ya kweli haifichi. Miongoni mwa Wasomali, mtoto mchanga aharishapo au apatapo homa, wako wanaodhani ugonjwa umetokana na chonge zinazovimba chini ya ufizi. Huziita meno ya mbweha, na huzichimba kwa ncha ya chuma. Watanzania wanalijua jambo hili kwa jina la meno ya nailoni au ya plastiki. Chimbo hilo halitibu kuhara. Huleta damu nyingi na usaha, na huharibu jino la ukubwani lililokuwa likingoja zamu yake. Pengo la mzee, mara nyingine, limechimbwa akiwa mtoto wa miezi.

Kisha maisha yakabadilika. Chai ya sukari nyingi iliingia kila nyumba na kila hema. Miraa ya Nyambene hufika Garissa kila siku, na mtafunaji huipoza kwa soda au peremende. Kinywa kikauke, sukari ikae, ufizi urudi nyuma. Madhara yalizidi, ilhali tiba ilikuwa mbali. Na umbali huo haukuwa wa maili tu. Serikali ya kikoloni iliiwekea Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini sheria za mwaka 1902 na 1934, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Uhuru ulipofika, hali ya hatari ilitangazwa Desemba mwaka 1963, na haikuondolewa hadi mwaka 1991. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974, lakini daktari hafuati njia ambayo hata mgonjwa huipita kwa hofu. Kwa vizazi viwili vitatu, tiba ya jino katika sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa moja tu: koleo. Jino liumalo ling'olewe. Na lililong'olewa halikurudishiwa kitu.

Tangu mwaka 2013 kaunti ndizo zinazosimamia hospitali zake, na Garissa ina hospitali yake ya rufaa. Hata hivyo meno ya vipandikizi vya taya zima hutafutwa Nairobi, mwendo wa kilomita 370 hivi kutoka Garissa, na yapata 1,000 kutoka Mandera. Safari haiwi moja. Kuna picha za mfupa, kuna upasuaji, kuna kurudi kukaguliwa. Gharama yake huzidi mara nyingi gharama ya meno ya kuvaa. Kwa familia ya wafugaji ni bei ya ngamia kadhaa. Basi mzee akikuuliza, wewe mjukuu wake uliyesoma, achague lipi, utamjibuje?

Usimjibu kwa pupa. Mwambie ukweli wa pande zote mbili. Meno ya kuvaa hayahitaji kisu, hupatikana upesi, na yakivunjika hutengenezwa. Lakini hayauzuii mfupa kuliwa, nayo yatalegea. Vipandikizi humrudishia nguvu ya kutafuna, huupa mfupa kazi, wala havivuliwi usiku. Lakini si vya kusahauliwa. Havitobolewi na dudu la meno, ila ufizi unaovizunguka huugua kama ufizi mwingine wowote ukiachwa na uchafu, na mfupa ukioza parafujo huanguka. Mvutaji wa tumbaku, na mwenye ugonjwa wa sukari usiodhibitiwa, wamo hatarini zaidi. Iko pia njia ya kati: vipandikizi viwili tu katika taya la chini, na meno ya kuvaa yakabanwa juu yake yasiteleze, gharama hupungua, na mzee akatafuna kwa amani. Mwisho mwambie hili, kwa adabu: "Babu, shauri ni lako, ila tusilikate kwa haya wala kwa fahari, tulikate kwa kupima mfupa na mfuko."

Je, methali imeshindwa? Ukiitazama upesi, utasema ndiyo: jino la titani limekuwa dawa ya pengo ambayo pembe haikuweza kuwa. Lakini itazame tena. Pembe ilishindwa kwa sababu iliwekwa juu ya pengo. Titani ilifaulu kwa sababu ilitiwa ndani, ikangojewa, ikakubaliwa na mfupa. Wahenga hawakukosea, walikataa dawa inayofunika pengo bila kuligusa. Na pengo la nchi ya kaskazini katika hesabu ya tiba ni vivyo hivyo. Msafara wa madaktari unaokuja siku tatu ukaondoka ni jino la pembe: hupendeza, kisha huanguka. Dawa yenyewe ni mizizi. Yaani mabinti na vijana wa Garissa, Wajir na Mandera wasome sayansi, waingie katika vyuo vya udaktari wa meno, warejee wakae, hata nchi iwashike nao waishike.

Pengine mmoja wao ni wewe unayesoma ukurasa huu. Kwa leo, kazi yako ni nyepesi zaidi. Una meno ambayo pembe ya ndovu, dhahabu ya Andalusi na titani ya Uswidi zote zimejaribu kuyaiga. Mti wa mswaki ungali umesimama nyikani, kata kijiti.